Chai, Jeni na Koo la Bomet

Kati ya 1996 na 2009, Hospitali ya Tenwek, Bomet, iliandikisha wagonjwa 109 wa saratani ya umio wasiozidi miaka 30. Kwingi duniani huo ni ugonjwa wa wazee. Lawama zikaenda kwa mursik na chai moto, lakini si kijiji kizima kinakunywa hiyo chai? Mbona kuna familia zinazougua zaidi?

Mwaka 2010 watafiti wa Uchina walipata tofauti ya kawaida kwenye jeni la PLCE1, inayoongeza hatari kidogo tu. Kwa weusi wa Afrika Kusini, ile ya Wachina haikufua dafu. Ikajitokeza nyingine, jeni hilohilo. Kwa hivyo damu ya Bomet isomwe Bomet.

Mwaka 2016 IARC ikasema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hii. Haya, mwambie kogo angoje chai ipoe. Jaribu tu.