Kichaa cha mbwa: Tahadhari kwa watoto likizoni

KILA likizo ya Agosti, watoto wengi huenda kuwatembelea babu na nyanya zao viungani mwa Kitale na Bungoma. Kwa Wabukusu, Agosti ya mwaka wa shufwa ndio msimu wa tohara, na maboma hujaa wageni.

Mbwa wa boma huwa mlinzi usiku na mwandani wa watoto mchana. Hata hivyo, asiyechanjwa aweza kuambukiza kichaa cha mbwa, maradhi yasiyo na tiba dalili zikishajitokeza.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wanne kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na virusi hivyo ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mtoto akiumwa au kuparurwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Kisha apelekwe hospitalini kuchanjwa bila kungoja dalili, ambazo kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu.

Watoto waonywe dhidi ya kumsumbua mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha. Aidha, wahakikishiwe kwamba hawataadhibiwa wakisema wameumwa, kwani anayeficha jeraha ndiye aliye hatarini zaidi.

Mbwa huchanjwa afikapo miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Mkakati wa kitaifa wa 2014 unalenga kukomesha vifo vya binadamu kutokana na maradhi haya kufikia 2030.