Anayeuza Shamba Lufingo Anauza Nini?

Jamaa wanaotaka kununua kipande Lufingo, au kwingine karibu na Tukuyu, wajenge vyumba vya kupangisha, huniuliza bei na hati. Mimi huwarudisha kwenye historia, maana swali lao ni la zamani kuliko hati zote: anayeuza anauza nini hasa?

Mwaka 1938 Godfrey Wilson alichapisha kijitabu kizima kuhusu haki za mtu binafsi katika ardhi ya Wanyakyusa. Mkewe Monica aliendeleza utafiti huo baada ya mumewe kufariki mwaka 1944. Wanaeleza kwamba vijana wa rika moja walijenga kijiji chao, na wakati wa ubusoka, sherehe ya kukabidhi madaraka kwa kizazi kipya, wazee walisogea pembeni na ardhi ikagawiwa upya. Mazao yalikuwa yako. Shamba lilifuata ujirani: ukihama, unaliacha. Sasa hapo ungeuza nini?

Kilichovuruga mambo ni mti. Mahindi unavuna unaondoka, lakini mkahawa unaungoja miaka, kisha unazaa miaka mingi. Nani atakubali kumwachia mwingine? P. H. Gulliver, katika utafiti wake uliotoka mwaka 1958, alikuta ardhi imebana na watu wameng'ang'ania mashamba wawarithishe watoto. Leo miti yenyewe ni chai na parachichi, ila hesabu ni ileile.

Wakati huohuo serikali nazo zilikuwa zinajitwalia. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Kaiser. Waingereza, kwa sheria ya 1923, waliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya Gavana, na mwaka 1928 wakatambua haki za kimila. Baada ya uhuru, umiliki wa kudumu walioachiwa wachache ukafutwa. Sheria za ardhi za 1999, zilizoanza kutumika 1 Mei 2001, zinasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Kwa hiyo Mtanzania hauzi udongo. Anauza haki ya kuutumia, pamoja na alichopanda na alichojenga. Wazee wa ubusoka wangelielewa hilo bila wakili.

Haki hiyo si nyepesi, lakini. Katika kesi ya Lohay Akonaay, mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilisema haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba.

Basi mnunuzi aanze hapa: kipande ni ardhi ya kijiji, au kimo ndani ya mipaka ya mji? Kama ni cha kijiji, Sheria Na. 5 ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji iidhinishe. Mahakama zimeshabatilisha mauziano yaliyokosa kibali hicho. Mwenyekiti kugonga muhuri sebuleni kwake, na mashahidi wawili waliokunywa chai pale, bado si halmashauri.

Halafu kuna mama mwenye nyumba. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mtu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Sahihi ya mume peke yake haitoshi.

Ukishajenga, jua kwamba sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Kinachobaki kati yako na mpangaji, kwa sehemu kubwa, ni mkataba wenu. Uandikeni: kodi ni kiasi gani, notisi ni ya muda gani, paa likivuja nani anaezeka.

Na kabla ya kutoa hela, tembea shambani na majirani, si na dalali tu. Waulize nani alipanda ile migomba na ile miparachichi, na watoto wake wako wapi. Kama wapo Dar au Mbeya na hawajaambiwa, kesi yako imeshaanza, wewe tu ndo hujaitwa.