WALIVUKA MGUNDA MKALI NA KILO 30 BEGANI, MAJINA YAO HAYAPO POPOTE

Siku hizi kutembea porini ni fasheni. Mtu anavaa raba mpya, anabeba chupa ya maji, anapiga picha kumi juu ya mwamba, jioni yuko kwenye nyama choma. Huko California, Marekani, watu wanasafiri mbali waingie kwenye misitu ya miti mirefu kuliko yote duniani. Wanafuata njia yenye vibao, inazunguka, inawarudisha pale pale walipopaki gari. Poa kabisa. Ila na sisi tulikuwa na njia ya kuzunguka, enzi hizo hakuna kibao wala gari, na kipande chake kigumu kuliko vyote kilipita Singida.

Mdau ukipanda basi la Tabora, ukishapita Manyoni na Itigi kuelekea Chaya, acha simu kidogo uangalie dirishani. Vile ndivyo vichaka vya Itigi. Urefu wake ni kama mita 3 hadi 5 tu, lakini vimesukana kiasi kwamba ukitoka njiani hatua chache humwoni mwenzako. Kiangazi majani yanapukutika yote, vinabaki vijiti vya kijivu na jua linashuka moja kwa moja kichwani. Kwingine ni miombo, miti ya mininga na mibuyu. Karne ya 19 watu wa misafara waliliita eneo hili lote, kati ya Ugogo na Tura, Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba. Mkali unajua mwenyewe.

Kulivuka kulichukua karibu wiki nzima, na shida namba moja ilikuwa maji. Madimbwi yalikuwa mbalimbali, na kiangazi mengine yalikauka. Hapo ndipo wapagazi walipofanya kitu walichokiita telekeza. Wanapika na kunywa asubuhi penye maji, mchana jua likianza kupoa wanabeba mizigo, wanatembea mpaka usiku, wanalala bila maji, alfajiri wanaamka tena na koo kavu kutafuta dimbwi linalofuata. Kituo kilichotamaniwa kilikuwa Jiwe la Mkoa, penye mwamba mkubwa wa mviringo. Wakimbu walishafyeka na kulima hapo, kwa hiyo chakula kilipatikana. Fikiria raha ya kuliona lile jiwe kwa mbali!

Na hawakuwa mikono mitupu. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32, na bado kuna mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Punda walijaribiwa wakafa, mbung'o hawana huruma. Ikabaki bega la mtu. Wanawake walikuwemo pia, wakibeba vyombo, wengine na mtoto mgongoni, wakifika kambini ndio wanaanza kupika. Hawa hata kwenye stori za wapagazi wanasahaulika.

Sasa tukae sawa hapa, maana wengi tumeikariri vibaya. Kwenye njia hii watumwa walipitishwa, hilo halifichiki. Lakini wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru wenye kazi yao. Walipatana ujira, walidai posho, na wakionewa walitua mizigo chini au walitoroka usiku, tajiri akaamka hana wa kumbebea. Kijana wa Unyamwezi ambaye hajafika pwani alichekwa. Waliondoka baada ya mavuno wakiwa na pembe za ndovu, wakarudi na shanga, waya na kitambaa cha Marekani (ndiyo maana kikaitwa merikani), wakiwahi mvua za kulima. Tabora hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800. Kwenda na kurudi piga hesabu mwenyewe.

Maneno yao tunayo mdomoni kila siku. Posho ilikuwa nafaka ya mpagazi, kibaba kwa siku. Hongo ilikuwa ushuru ambao watemi, hasa wa Ugogo, waliutoza msafara ili upite na kunywa maji. Ilikuwa halali, watu walikaa chini wakapatana. Jinsi neno lilivyochafuka baadaye ni stori nyingine.

Vitabu vinatuambia Burton na Speke walipita Mgunda Mkali mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Walipita kweli, ila kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa na maelfu kabla yao, na mbele yao alitangulia kiongozi wa msafara aliyejua dimbwi lipi lina maji. Burton baada ya Tabora aliugua hadi akabebwa kwenye machela na watu. Aliyebebwa tunamjua. Waliombeba je?

Ndui iliwapiga sana. Aliyeshindwa kutembea aliachwa kando ya njia, kwa sababu kumsubiri penye ukame kungewaua wote. Hakuna kaburi wala alama.

Mwaka 1912 reli ya Wajerumani ilifika Tabora, na telekeza ikaisha. Vita Kuu ilipokuja watu wakakamatwa tena kubeba mizigo ya wanajeshi, na kutoka kikosi hicho cha Waingereza ndiyo tukapata jina Kariakoo. Leo Manyoni hadi Tabora ni lami na saa chache, na pori lililobaki watu wa Itigi wanatundika mizinga na kuvuna asali.

Wadau wa Manyoni, Itigi, Sikonge na Tabora: kuna aliyesimuliwa na bibi au babu kwamba mkubwa fulani kwenye ukoo aliwahi kwenda pwani na mzigo? Kama jina lipo, liandike hapo chini.