Fuatio Bado

Mwishoni mwa mwaka wa masomo nilioneshwa karatasi ambayo shule moja ya huku kusini mwa Maniema, Kongo, iliwagawia wazazi kuwaeleza hali ya wanafunzi waliohamia kutoka Tanzania. Mama mmoja wa Kabambare alikuwa ameikunja mara nne ndani ya kitenge chake. Kidole chake kilisimama kwenye maneno matatu: "asiye na nafasi". Akaniuliza, "Mwalimu, basi mtoto wangu wanamufukuza?"

Hakuwa amekosea kusoma. Kwa Kiswahili, asiye na nafasi ni mtu mwenye shughuli nyingi, au aliyekuta benchi limejaa. Mfasiri wa karatasi hiyo alikuwa akiangalia "non classé" (asiyepangwa) ya buletini, yaani ripoti ya shule, akaona "plasi", ile namba ya mwanafunzi darasani, ni nafasi, akatia kikanushi, akaenda kulala.

Jambo lenyewe kila mwalimu analijua. Plasi hutoka kwenye jumla ya pointi za mwaka: periodi na mitihani, semesta kwa semesta. Mwaka wetu huanza Septemba, wa Tanzania huanza Januari. Mtoto anayevuka ziwa kutoka Kigoma anafika na ripoti yenye herufi, huku visanduku vya periodi zetu za kwanza ni vitupu. Katika mtihani wa kidato cha nne kwao, alama 45 ni C. Kwetu, anayepata chini ya nusu ameshindwa. Ukijumlisha vitu hivyo viwili umejumlisha debe na mita. Prefe, yaani mkuu wa shule, mwenye busara hampangi mtoto huyo. Sigombi na uamuzi huo, nagomba na jina lake.

Tuanze na nafasi. Ni neno lililotoka katika Kiarabu, nafas, yaani pumzi. Ndugu zake ni nafsi na kutanafusi. Kutoka pumzi likawa upenyo wa kupumulia, kisha upenyo wowote, kisha wakati, kisha fursa. Plasi nayo ilianza kwa Wagiriki kama njia pana ya mjini, ikapita Kilatini, ikafika Kifaransa kama uwanja, mahali, na mwishowe mahali pa mtu katika hesabu. Maneno haya mawili yalianzia kwenye uwazi, lakini yakaachana njiani. Kifaransa kilifika kwenye hesabu kikaweka kambi. Kiswahili kilifika kwenye fursa. Natambua kwamba ng'ambo ya ziwa ripoti husema "nafasi ya tano kati ya arobaini", na inaeleweka, kwa kuwa nambari inaishika mkono. Ondoa nambari, weka "asiye na", uone kama haikuanguka.

Wako wanaotaka plasi iitwe "cheo". Katika kamusi za zamani cheo kilikuwa kipimo, na hapo ningenyamaza. Leo ni ukubwa wa ofisini, na mtoto wa miaka 14 hana ofisi. Wengine wanapenda "daraja". Hilo ni ngazi kwa Kiarabu, na Watanzania wamelitumia vizuri: daraja la kwanza hadi la nne, kisha sifuri. Lakini watu 100 wanaweza kuketi pamoja katika daraja la kwanza, ilhali plasi ni kupanga mmoja nyuma ya mwingine. Kamati ya istilahi isiyoona tofauti hiyo haijapata kusimama kwenye mstari wa maji.

Neno langu kwa plasi ni fuatio. Nimelipendekeza mara mbili mbele ya watu wenye kalamu na mara mbili nimechekwa. Kimbilia huzaa kimbilio, egemea huzaa egemeo, tarajia huzaa tarajio. Fuatia itakatazwa na nani kuzaa fuatio? Tena kitenzi hicho tayari kiko kazini. Siku ya kutangaza matokeo, uani mwa shule, msomaji husema: "Anayefuatia ni…" Hakuna aliyewahi kusema "anayenafasia". Umati mzima umekuwa ukitumia mzizi huo, na walio mezani hawakuwa na masikio.

Bingwa mmoja, ambaye kwa heshima simtaji, aliuliza kwa kejeli: "Wa kwanza anamfuatia nani?" Watu wakacheka. Namjibu leo, kwa kuchelewa: wa kwanza anamfuatia mwalimu. Akiona jibu hilo ni jepesi, atuambie pia yule wa mwisho anayepata "nafasi ya 52 kati ya 52" ana nafasi gani.

Wala tusiambiwe kwamba istilahi lazima zitoke pwani au mji mkuu. Kasongo ilikuwa ngome ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, na Kiswahili kilisemwa hapa kabla ya jeshi la Mbelgiji Dhanis kuuteka mji Aprili 1893. Buletini ya Kifaransa ndiyo iliyofuatia. Kufuatia si aibu, ila aliyetangulia asinyang'anywe haki ya kutaja kitu chake.

Kuhusu matumizi, ni machache. Aliyepangwa: "fuatio la 7 kati ya 38". Wengi: mafuatio. Ambaye alama zake za ng'ambo hazijumlishiki na zetu: "fuatio bado", kama tunavyosema chakula bado, bila kumdharau mpishi. Asiandikwe wa mwisho, maana wa mwisho amepimwa na huyu hajapimwa.

Yule mama nilimsomea upya karatasi yake kwa maneno hayo. Hakuniuliza neno limepitishwa na kamati gani. Aliuliza, "Basi Septemba arudi?" Nikamwambia arudi.