Meza ya Ndugu

Oktoba 2007 wafanyakazi wa mgodi wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, waligoma. Mwajiri alisema mgomo haukufuata sheria, na zaidi ya watu 1,000 wakapoteza ajira. Huku kwetu, kati ya Shinyanga na Geita, habari hiyo haikuwa ya wachimbaji peke yao, maana mgodi ukitikisika hata kapu la sadaka huwa jepesi.

Utaratibu ulikuwa bado mchanga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilitungwa mwaka 2004, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ilianza kazi mwaka huohuo wa 2007. Chama chenye wafanyakazi walio wengi hutambuliwa na kujadiliana na mwajiri kwa niaba yao. Wakishindwana, shauri huenda kwa msuluhishi, mwenye siku 30 za kuwapatanisha.

Muuguzi, hata hivyo, hana silaha ya mchimbaji. Sheria inaziweka huduma za afya kati ya huduma muhimu zisizogomewa, na mgogoro wake usiposuluhishika huamuliwa na mwamuzi. Walezi katika makao ya wazee na ya watoto hawakutajwa kwa jina katika orodha ile. Lakini nani atagoma wakati kuna bibi wa kugeuzwa kitandani saa nane usiku? Upendo wake unamfunga kuliko kifungu chochote, na sisi waajiri wa kikanisa tumeutumia upendo huo vibaya. Mshahara ukichelewa tunamwambia kazi yake ni wito.

Akitaja Tume, tunamfungulia 1 Wakorintho 6: ndugu anamshtaki ndugu! Tukisoma vizuri, Paulo anawauliza Wakorintho kama hakuna miongoni mwao hata mmoja mwenye hekima ya kuamua. Lawama inaanzia kwa kanisa lisilo na meza. Mathayo 18 nayo inaanza na wawili, kisha inaleta mashahidi. Msuluhishi wa Tume asingeshangaa kuisoma.

Kuna jambo la kalenda pia. Anayeachishwa kazi ana siku 30 za kufikisha shauri lake kwenye Tume. Tumewaona walezi wakizimaliza siku hizo kwa unyenyekevu, wakisubiri mwenyekiti wa kamati arudi safari.