Unataka Kufunga CCTV Ploti Nzima Bila Fundi? Chora Kwanza

Tuseme mjengo wenu ni wa floo sita, geti moja, mahali pa kuegesha nduthi na magari, landlord amekubali, na kazi umeachiwa wewe juu unajua mambo ya kompyuta. Usikimbilie Luthuli na ganji ya watu. Chukua karatasi, chora kila floo, kisha ujiulize: mwizi akipita hapa, nataka kuona nini?

Kuona mtu amepita na kuona sura yake ni kazi mbili tofauti. Lenzi ya milimita 2.8 inashika uwanja karibu wote, lakini msee akiwa mita 15 sura inakuwa ukungu. Getini, mahali kila mtu lazima apite, weka lenzi ya milimita 6 hivi, urefu wa mita 2.5 hadi 3. Ukiipandisha juu sana ndio isiibwe, utarekodi kofia fiti sana.

Kebo ya mtandao mwisho wake ni mita 100, na unapima njia inayopitia, kona zote, si vile jicho linaona. Swichi ya PoE, ile inayotuma umeme na picha kwa kebo moja, iweke floo ya katikati. Halafu kuwa rada na kebo za bei ya kutupa. Nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na umeme unapotea njiani. Kwangua waya na wembe. Ikitokea nyeupe ndani, rudisha.

Hapa ndio wengi huchomeka: swichi ya matundu 16 inaweza kuwa na wati 120 pekee. Mchana kamera 16 za wati 5 zinakula 80, poa. Usiku taa za infraredi zinawaka, kila moja inafika wati 9, jumla 144, na kamera zingine zinazima. Usiku, yaani saa za kazi za mwizi!

Diski nayo ni hesabu. Kamera moja ikirekodi kwa Mbps 4 inakula karibu GB 43 kwa siku. Kamera 16 kwa wiki mbili ni kama TB 9.7. Sasa fikiria jirani amerudi kutoka ocha Januari, TV haipo, na diski yenu ya TB 2 ilishafuta kila kitu kilichozidi siku tatu. Ukitumia H.265 badala ya H.264, hiyo hesabu inaweza kushuka karibu nusu. Na ununue UPS ya swichi na mashine ya kurekodi, stima ya hapa unaijua.

Badilisha paswadi iliyokuja na kamera. Mwaka wa 2016, virusi vya Mirai viliteka kamera kibao kwa kujaribu tu paswadi za kiwandani.

Usielekeze kamera kwa mlango wa keja ya mtu, na weka bango. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anayeendesha CCTV ya usalama anafaa kujisajili kwa Kamishna wa Data, hata kama biashara yake ni ndogo. Mwambie landlord mapema.

Kabla hujatoboa ukuta, shikilia kamera moja pale getini saa mbili usiku, soja apite na hudi kichwani. Usipomtambua kwa simu yako, shuka kidogo ujaribu tena.