Nywele za Kipajini: Historia ya Ukingo Unaofichwa

Kazi ngumu kuliko zote katika nywele bandia ni ukingo, pale ngozi ya paji la uso inapokutana na nywele. Utosini fundi anaweza kujaza apendavyo, na kisogoni hakuna anayechungulia sana, lakini mbele macho ya watu hutua moja kwa moja. Ndiyo maana mwanamke aliyepungukiwa nywele huuziwa kipande cha utosini chenye nywele zinazoangukia kipajini. Kipande hubanwa kwa vibanio vidogo, nywele za mwenyewe huchanganywa pembeni, na zile za mbele hushuka kama pazia juu ya mshono. Wengi huona hapo urembo mtupu, na wengine huona uongo. Historia inaonyesha jambo jingine: nywele hizi za kipajini hustawi pale jamii inapomcheka mwanamke mwenye nywele za kuazima. Jamii isiyocheka haina haja ya kuficha ukingo.

Ushahidi wa kwanza umehifadhiwa Kairo. Mwaka 1871, huko Meidum nchini Misri, ilifukuliwa sanamu ya mama mmoja wa ukoo wa kifalme aitwaye Nofret, iliyochongwa zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Amevaa wigi zito linalofika mabegani, limezungushiwa utepe wa maua. Chini ya wigi hilo, juu ya paji la uso, mchongaji ameonyesha wazi nywele za Nofret mwenyewe, zimepasuliwa katikati na kulazwa pande mbili. Huo si uzembe wa fundi, kwa sababu sanamu nzima imefanywa kwa uangalifu mkubwa, mpaka macho yamewekewa mawe yanayong'aa. Kwa Wamisri wa tabaka lake wigi lilikuwa vazi la heshima, kama kilemba kwetu. Anayevaa kilemba hasumbuki kuwaaminisha watu kwamba kimeota kichwani, na Nofret naye hakusumbuka.

Roma mambo yalibadilika. Mwishoni mwa karne ya kwanza baada ya Kristo, wanawake wa tabaka la juu walijenga mbele ya kichwa ukuta wa vipilipili vilivyopangwa safu juu ya safu, huku nyuma misuko ikizungushwa kama kata ya kubebea mtungi. Sanamu iitwayo Fonseca, iliyomo katika makumbusho ya Capitolini mjini Roma, inaonyesha mtindo huo vizuri sana: mchongaji ametoboa marumaru kwa keekee, tundu baada ya tundu, ili kila kipilipili kipate kivuli chake. Mwaka 2008 msusi Mmarekani, Janet Stephens, alichapisha makala katika jarida la wataalamu wa mambo ya kale ya Roma akieleza kwamba mitindo ya namna hiyo ilishikizwa kwa sindano na uzi. Msusi yeyote wa Kariakoo anayeshonea wivingi angemwelewa bila mkalimani. Kwa mwenye nywele chache, ukuta kama ule wa mbele ulikuwa mahali pazuri pa kushonea nywele za mtu mwingine bila mshono kuonekana.

Kwa nini zifichwe? Jibu analo mshairi Ovid, aliyeandika karibu karne moja kabla ya mtindo huo kushamiri. Katika shairi moja anamkaripia mpenzi wake ambaye nywele zimemnyonyoka kwa sababu ya rangi. Anamwambia kwamba sasa atavaa nywele za mateka wa Ujerumani, na kila atakaposifiwa ataona haya, akijua kwamba sifa ni ya mwanamke mwingine asiyemjua. Haya hiyo ndiyo kiini cha jambo. Kuvaa nywele za kuazima Roma haikuwa hatia, lakini kujulikana kwamba umevaa kulikuwa fedheha, na washairi waliifanya fedheha hiyo kuwa mzaha. Panapokuwa na mzaha wa namna hiyo, ukingo lazima uzibwe.

Hali ile ile ilirudi Uingereza katika miaka ya 1880. Mtindo wa siku hizo ulikuwa vipilipili vifupi juu ya paji la uso, kama unavyoonekana katika picha za Alexandra, mke wa mrithi wa kiti cha ufalme, ambaye wanawake walimwiga mpaka namna alivyochechemea baada ya kuugua mwaka 1867. Vipilipili hivyo vilitengenezwa kwa koleo la chuma lililopashwa moto, na koleo likizidi moto huunguza nywele za mbele ambazo ni laini kuliko zote. Tena ukungu wa London ulizinyoosha upesi. Hapo mafundi wa nywele walipata soko la kipande kidogo cha kipajini kilichokwisha kukunjwa dukani. Kilitengenezwa kama kinavyotengenezwa hadi leo kile kilicho bora: kwenye wavu mwembamba, fundi hupitisha sindano yenye ndoana, huvuta unywele mmoja au nywele mbili na kuzifunga fundo, kisha hurudia maelfu ya mara. Nywele za safu ya mwisho hufungwa zikielekea mbele ili zifunike wavu wenyewe. Mwisho hukatwa kikiwa kichwani mwa mvaaji, kidogo kidogo, kwa sababu nywele bandia zikikatwa hazioti.

Hapa msomaji anaweza kupinga: kama wanawake wenye nywele tele nao walivaa vipande hivyo, je, huo si mtindo tu? Ni kweli walivaa. Lakini mtindo wa wengi ndio kichaka cha wachache. Kila kichwa mjini kinapokuwa na vipilipili kipajini, aliyepoteza nywele kwa uzazi, kwa ugonjwa au kwa koleo la moto huingia humo na kupotea. Mtindo ulipowapa wenye nyingi mapambo, uliwapa wenye chache hifadhi, na fundi aliuza kitu kile kile kwa wote wawili. Hoja ya mtindo, basi, haiondoi hoja ya haya. Inaeleza tu haya hiyo ilijificha wapi.

Pingamizi la pili ni la maadili. Waswahili husema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi, na wako wanaoona kwamba nywele za bandia ni mkakasi mtupu. Wanaosema hivyo wangejiuliza kuhusu wigi la jaji. Mwaka 1822 fundi wa London, Humphrey Ravenscroft, alipata hataza ya wigi la mahakama la manyoya ya farasi lisilohitaji kukunjwa wala kupakwa unga kila siku. Ukoloni ukalileta Afrika Mashariki, na majaji wa Kenya walilivaa hadi mwaka 2011, Jaji Mkuu Willy Mutunga alipoliacha. Wigi hilo halifichi ukingo hata kidogo. Linakaa juu ya kichwa kama kofia. Walioliacha walilipinga kama masalia ya ukoloni, wala hakuna aliyesema jaji anawadanganya watu kuhusu nywele zake. Kwa hiyo jamii haina ugomvi na nywele bandia zenyewe. Ugomvi wake ni na mwanamke anayezivaa, na ndiye anayelazimika kutafuta pazia la kipajini.

Tanzania ilitoa hoja nzito zaidi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulipitisha azimio dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kujichubua na mawigi, na Operesheni Vijana, kampeni ya kulitekeleza, ikaanza tarehe 1 Januari 1969. Hoja ilikuwa kwamba mambo hayo ni utumwa wa akili. Si hoja ya kupuuza: wigi la nywele zilizonyooka lililoletwa kuufanya utosi wa Mwafrika ufanane na wa Mzungu lilikuwa na historia ya kujidharau ndani yake. Lakini operesheni ilimkamata mvaaji badala ya kuikamata dharau iliyomvalisha. Haikuuliza ni nani anavaa kwa kujidharau na ni nani anaziba upara uliosababishwa na misuko ya kukaza, ambayo hung'oa nywele hasa mbele na kwenye panja. Marufuku ikawa kicheko kingine, na kicheko ndicho kinachofundisha kuficha.

Pingamizi linalobaki ni zito kuliko yote: nywele hizi zilikuwa kichwani mwa nani? Mateka wa Ovid tumewaona. Sheria za Kirumi zilizokusanywa chini ya mfalme Justinian katika karne ya sita zinataja nywele za India miongoni mwa bidhaa za kutozwa ushuru. Victor Hugo, katika riwaya yake ya mwaka 1862, alimfanya mhusika wake Fantine auze nywele zake kwa faranga 10, na msomaji wa wakati huo hakushangaa, kwa sababu wachuuzi walizunguka vijiji vya Ufaransa wakinunua nywele za mabinti maskini. Huko Korea Kusini, Agosti 1979, wanawake wa kiwanda cha mawigi cha YH waliogoma baada ya kiwanda kufungwa walivamiwa na polisi, na mmoja wao, Kim Kyung-sook, akafa. Haya yote ni kweli na hayafutiki. Ila tazama yanavyoongezeka katika giza la siri. Kitu ambacho mvaaji haruhusiwi kukiri kwamba anacho, hawezi kuuliza hadharani kimetoka wapi wala aliyekitoa alilipwa nini.

Juni 2019 Waziri wa Fedha wa Tanzania, Philip Mpango, alipendekeza bungeni ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazoingizwa nchini na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa ndani. Serikali ina haki ya kutafuta mapato, na Roma iliitumia haki hiyo hiyo mapema sana. Lakini ushuru haupunguzi haja, na marufuku haikuipunguza. Anayetaka nywele za kipajini zibaki kuwa pambo la hiari, lisiwe pazia la lazima, aanze kwa kuacha kumchungulia mwenzake mshono.